Mwongozo hauna kosa, lakini simu za wateja haziishi

Swali: "Habari za kazi. Mimi ni mwandishi wa miongozo katika kampuni inayotengeneza pampu ndogo za maji za umeme, zinazouzwa pamoja na kisanduku cha kudhibiti. Mwongozo wetu una kurasa 48. Wahandisi wameupitia mara mbili, hawakuona kosa. Lakini dawati la huduma linapokea simu zilezile kila wiki: pampu inanguruma bila kutoa maji, taa nyekundu inawaka, maji yanavuja kwenye maungio ya bomba. Majibu yote yamo kwenye mwongozo. Niongeze maelezo, niongeze picha, au nikubali tu kwamba watu hawasomi?"

Jibu:

Usiongeze chochote kwa sasa. Wahandisi wamekuthibitishia jambo moja, kwamba yaliyoandikwa ni ya kweli. Kuna jambo la pili: je, mtu asiyeijua pampu ataweza kuyapata, kuyaelewa na kuyatenda? Hilo hawawezi kulithibitisha hata wakitaka, kwa sababu pampu wanaijua mno. Maelezo yakiruka hatua, wao huijaza kichwani bila kujua kwamba wameijaza.

Na watu wanasoma. Wanasoma wakiwa wameshakwama, wamesimama kando ya pampu, mkono mmoja una spana na mwingine unapekua kurasa. Katika miaka ya 1980 John Carroll na wenzake wa IBM walichunguza watu waliokuwa wakijifunza kutumia programu za kuandikia kwenye kompyuta, wakaona jambo hilihili: watu hawakufuata kitabu tangu mwanzo hadi mwisho. Waliruka kurasa, walijaribu wenyewe, kisha wakarudi kitabuni walipokwama. Ukimtaka mtu asome kurasa 15 kabla ya kugusa chochote, umemwandikia msomaji ambaye hayupo.

Anza na simu zenyewe

Liombe dawati la huduma kumbukumbu za simu za miezi mitatu hivi, na uombe maneno ya mteja kama alivyoyasema, si muhtasari wa mhudumu. Mhudumu huandika "tatizo la ujazaji wa awali", ilhali mteja alisema "inanguruma tu, maji hayaji". Unayoyahitaji ni hayo ya mteja, kwa kuwa ndiyo atakayoyatafuta kwenye ukurasa wa yaliyomo.

Chagua matatizo kumi yanayojirudia zaidi. Kwa kila moja, fungua mwongozo ujifanye hujui kitu: ungeanzia kichwa kipi cha habari? Utakuta tatizo linaangukia mojawapo ya mafungu matatu. Kuna majibu yaliyomo lakini hayapatikani, kwa sababu yamefichwa chini ya kichwa kisichofanana na shida. Kuna yanayopatikana lakini hayaeleweki. Na kuna yanayoeleweka lakini hayatendeki, ama kwa sababu hatua inahitaji kifaa ambacho mteja hana, ama kwa sababu bidhaa ilibadilishwa kiwandani na maandishi yakabaki ya zamani. Dawa ya kila fungu ni tofauti. Kuongeza maelezo husaidia fungu la pili tu, na hata huko mara nyingi kinachotakiwa ni kupunguza.

Simu ya pampu isiyotoa maji, nina hakika kiasi, ni ya fungu la kwanza. Jibu lake huwa limewekwa chini ya kichwa kama "Ujazaji wa awali wa chemba", na mteja hajui kwamba pampu yake ina chemba, yaani nafasi ya ndani inayotakiwa kujazwa maji kabla ya kuiwasha.

Panga kwa kazi za mtumiaji

Miongozo mingi hufuata mpangilio wa mashine: mota, chemba, kisanduku, valvu. Mtumiaji yeye ana kazi za kufanya. Vichwa vya habari na viwe kazi hizo: Kufunga pampu mahali pake. Kujaza pampu maji kabla ya kuiwasha. Kuwasha na kuzima. Kusafisha chujio. Pampu inanguruma lakini haitoi maji. Kanuni za jinsi pampu inavyofanya kazi, kama ni lazima ziwepo, ziende nyuma pamoja na jedwali la vipimo.

Utaalamu huu una mifumo yake. Diátaxis, ya Daniele Procida, hutenganisha aina nne: mafunzo ya kuanzia, maelekezo ya kazi, marejeo na ufafanuzi. DITA, muundo wa kuandika nyaraka kwa mada ndogondogo, ulioanzia IBM, ukapitishwa kuwa kiwango cha OASIS (shirika la viwango vya taarifa) mwaka 2005, ulianza na aina tatu za mada: dhana, kazi na marejeo. Huhitaji kununua programu yoyote ili kufaidika. Chukua nidhamu ya mifumo hiyo: ukurasa wa hatua usibebe somo la fizikia, na jedwali la vipimo lisibebe hatua. Ninaruhusu hali moja tu ya kuchanganya, nayo ni sentensi fupi ya sababu ndani ya hatua pale ambapo mtu asiyejua sababu ataruka hatua hiyo. Mwambie kwamba sili ya shafti (kizuizi cha maji kwenye mhimili unaozunguka) hupozwa na maji yanayopita, na kwamba pampu ikizunguka kavu sili huungua. Akilijua hilo, hataiacha ingurume kwa nusu saa akingoja maji yaje.

Hatua zenyewe

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo. Tazama aya ya aina ninayoiona mara kwa mara:

"Kabla ya uwashaji, chemba ya pampu inapaswa kuwa imejazwa maji kupitia tundu la kujazia baada ya kuondolewa kwa kizibo, na kuhakikisha kuwa hakuna hewa iliyobaki, kisha kizibo kirudishwe na kukazwa ipasavyo."

Hakuna uongo ndani yake, ndiyo maana wahandisi waliipitisha. Lakini vitendo vinne vimebanwa katika sentensi moja, na kimoja kimetajwa baada ya kingine kinachopaswa kukifuata: kizibo hutolewa kwanza, maji hufuata. Hewa imebaki au haikubaki, mtu atajuaje? "Ipasavyo" ni kiasi gani? Umeme uzimwe lini? Na mwisho wake hakuna dalili yoyote ya kumwambia kwamba amefaulu.

Iandike hivi:

Kujaza pampu maji kabla ya kuiwasha

Utahitaji: spana ya milimita 17, maji safi lita 2, faneli.

ONYO: Umeme unaweza kuua. Zima swichi kuu na uchomoe plagi kabla ya kufungua kizibo.

1. Zima swichi kuu, kisha chomoa plagi.
2. Fungua kizibo cha kujazia (namba 3, Mchoro 2) kwa spana.
3. Mimina maji polepole hadi yafike ukingoni mwa tundu.
4. Subiri dakika 2. Maji yakishuka, ongeza mengine. Rudia hadi yasishuke tena. Yakiendelea kushuka baada ya kuongeza mara tatu, nenda ukurasa wa 21.
5. Rudisha kizibo. Kikaze kwa mkono, kisha ongeza robo ya mzunguko kwa spana. Ni cha plastiki. Ukikikaza zaidi kitapasuka.
6. Kausha maji yaliyomwagika. Chomeka plagi, kisha washa pampu. Maji hutoka ndani ya dakika 3. Yasipotoka, zima pampu na urudi hatua ya 1.

Namba hizo ni za mfano. Zako zitoke kwa wahandisi wako. Muhimu ni umbo. Vifaa vimetajwa kabla ya hatua ya kwanza, maana anayegundua kwenye hatua ya 2 kwamba anahitaji spana atakifungua kizibo kwa koleo na kuuharibu ukingo wake. Hewa imegeuzwa kuwa kitu kinachoonekana kwa macho, yaani maji kushuka. Na njia ya kutokea imewekwa palepale mambo yanapoweza kuharibika.

Sharti litangulie kitendo. "Taa nyekundu ikiwaka, zima swichi" ni salama. "Zima swichi ikiwa taa nyekundu inawaka" ina hatari yake, kwa sababu mtu hutenda sambamba na kusoma, na mkono wake umeshafika kwenye swichi kabla macho hayajafika kwenye taa. Vivyo hivyo na mahali: taja kisanduku kwanza, kisha kitufe kilichomo.

Kuhusu urefu, kiwango cha ASD-STE100, kinachotumika sana kwenye nyaraka za matengenezo ya ndege, kimeweka kikomo cha maneno 20 kwa sentensi ya maelekezo na 25 kwa sentensi ya maelezo. Hicho ni kikomo cha Kiingereza. Kitenzi chetu kimoja hubeba mtenda, wakati na mtendwa, kwa hiyo maneno 20 ya Kiswahili ni mzigo mzito zaidi. Kwa hatua, lenga maneno 12, na ukivuka 15 ikate. Tumia amri ya moja kwa moja ya mtu mmoja, "fungua", "mimina", mwongozo mzima. Ukichanganya na "mtumiaji anatakiwa afungue" hapa na "ifunguliwe" pale, msomaji hujiuliza kama ni yeye anayeambiwa au ni fundi.

Kitu kimoja, jina moja

Ukikiita kizibo kwenye ukurasa wa 9, kifuniko kwenye ukurasa wa 14 na kofia kwenye mchoro, umemtengenezea mteja vitu vitatu. Shuleni tulifunzwa kuepuka kurudia neno. Katika mwongozo, kurudia ndiko kunakotakiwa. Tengeneza jedwali la istilahi lenye safu nne: jina lililokubaliwa, majina yaliyokatazwa, namba ya kitu kwenye mchoro, na jina ambalo wateja hulitumia kwenye simu. Safu ya nne ipeleke kwenye faharasa ya mwisho, ili anayetafuta "kofia" aelekezwe kwenye kizibo.

Maandishi yaliyo kwenye mashine yanukuliwe kama yalivyo. Kama kitufe kimeandikwa RESET, mwongozo useme "bonyeza kitufe kilichoandikwa RESET", hata kama kila kitu kingine ni Kiswahili. Mteja atalinganisha herufi anazoziona.

Maonyo

Viwango vya Marekani vya alama za usalama, ANSI Z535, vina ngazi nne, kila moja na rangi yake: nyekundu kwa kitu ambacho kisipoepukwa kitaua au kujeruhi vibaya, rangi ya machungwa kwa kinachoweza kuua au kujeruhi vibaya, manjano kwa kinachoweza kuleta jeraha dogo au la wastani, buluu kwa kinachoharibu mali tu. Kwa Kiswahili nashauri Hatari, Onyo, Tahadhari na Ilani, kwa mpangilio huo. Watu huyatumia Onyo na Tahadhari kama kitu kimoja katika mazungumzo, kwa hiyo eleza ngazi zako mwanzoni kabisa mwa mwongozo na usizibadilishe tena.

Kila onyo liwe na mambo matatu: hatari ni ipi, itakufanya nini, na uiepuke vipi. "Kuwa mwangalifu" si onyo. Liwekwe kabla ya hatua inayohusika, kamwe lisije baada yake, na liwe karibu nayo kuliko kukusanywa lote ukurasa wa 2. Tena yasiwe mengi. Ukurasa wenye maonyo tisa hufundisha jicho kuyaruka yote, pamoja na lile moja la umeme ambalo ndilo lingeokoa maisha. Ukiona unaandika onyo juu ya kitu ambacho kingeweza kuzuiwa kwa kifuniko au swichi ya usalama, rudi kwa wahandisi kwanza; maneno ni kinga dhaifu kuliko chuma. Soma pia IEC/IEEE 82079-1 ya mwaka 2019, ambacho ni kiwango cha kimataifa cha taarifa za matumizi ya bidhaa, na mwombe mtu mwenye dhamana ya usalama katika kampuni athibitishe orodha yako ya maonyo kwa maandishi.

Jedwali la hitilafu

Hili ndilo litakalokupunguzia simu kuliko sehemu nyingine yoyote. Safu tatu zinatosha: unachokiona au kukisikia, sababu, cha kufanya. Safu ya kwanza isiwe na neno la kihandisi hata moja. "Pampu inanguruma, maji hayatoki" inatosha.

Sababu zipange kwa urahisi wa kukagua pamoja na uwezekano wake. Mtu asifungue mota kabla hajaangalia valvu. Kwa shida hii mpangilio wangu ungekuwa: valvu ya bomba la kutolea imefungwa, pampu haikujazwa maji, chujio limeziba, bomba la kuvuta linapitisha hewa kwenye maungio, valvu isiyorudisha maji iliyo chini ya bomba hilo inavujisha, na mwisho, maji yako chini mno. Hili la mwisho litajwe kwa mita. Pampu iliyo juu ya ardhi haivuti maji kwa nguvu yake. Kinachoyapandisha ni mgandamizo wa hewa, ambao kwenye usawa wa bahari hauwezi kuyainua zaidi ya mita 10.3 hivi hata katika hali kamilifu. Katika matumizi ya kawaida kikomo ni mita 7 hadi 8, na hupungua kadiri mahali palivyo juu. Mteja aliyefunga pampu mita 9 juu ya maji hatasaidiwa na hatua yoyote ya mwongozo, kwa hiyo kikomo hicho kiwe pia kwenye hatua ya kwanza ya ufungaji na kwenye boksi.

Taa nyekundu nayo ipewe mistari yake. Je, inawaka mfululizo au inamemetameta? Mara ngapi kabla ya kutulia? Kama kisanduku kinatofautisha hali hizo na mwongozo hautofautishi, hapo ndipo simu zinapotoka.

Kila mstari uishie mahali: ama tatizo limeisha, ama acha na upige simu, ukiwa na namba ya pampu, rangi ya taa na mambo uliyokwisha kujaribu.

Michoro

Nitapita haraka. Kwa kuonyesha sehemu, mchoro wa mistari hushinda picha ya kamera, kwa sababu huondoa vivuli na vitu visivyohusika. Uchorwe kutoka upande anaosimama mtumiaji. Tumia namba badala ya maneno juu ya mchoro, ili jina likibadilika usichore upya. Hifadhi michoro kwa faili za aina ya SVG na picha za skrini kwa aina ya PNG. JPEG hufifisha kingo za herufi. Rangi isiwe alama pekee, kwani mwongozo hunakiliwa kwa mashine nyeusi na nyeupe, na wapo wasiotofautisha nyekundu na kijani.

Kwa maungio yanayovuja, mchoro mmoja wa mkato unaoonyesha oringi (pete ya mpira ya kuzuia uvujaji) ikiwa mahali pake, na mwingine ikiwa imejikunja, utafanya kazi kuliko aya tatu.

Jaribu kwa watu, si kwa wasomaji

Tafuta watu watatu ambao hawajawahi kuiona pampu hii. Wape pampu ndani ya boksi, vifaa na mwongozo. Usiwaambie "someni mwongozo huu mniambie maoni"; watakusifia. Waambie: "Fungeni pampu hii hadi itoe maji." Fundi wa umeme awe karibu kwa usalama, na mtu yeyote asizungumze isipokuwa hatari ikitokea. Wewe andika mambo matatu tu: walifungua ukurasa gani, walisimama wapi, na walifanya nini tofauti na kilichoandikwa.

Anayetenda tofauti na maandishi hajakosea. Amekuonyesha mahali sentensi yako inapomruhusu kwenda kwingine. Rekebisha, kisha tafuta wengine watatu wapya. Ukiwa na watu sita wa kujaribu, ni heri raundi mbili za watu watatu kuliko raundi moja ya wote sita, kwa sababu raundi ya pili hukagua marekebisho yako, ambayo nayo huja na makosa yake.

Wahandisi wapewe maswali, si rasimu

Ukimtumia mhandisi kurasa 48 na neno "pitia", atarekebisha tahajia. Mtumie maswali mahususi: kizibo kikazwe kwa kiasi gani, na kikizidi kinaharibika nini? Baada ya kujaza mara ngapi tuseme valvu ni mbovu? Pampu inaweza kuzunguka kavu kwa muda gani kabla sili haijaungua? Kila namba iliyomo kwenye mwongozo iwe na mstari wake katika jedwali la ndani: imetoka wapi, nani ameithibitisha, tarehe gani, kwa modeli ipi.

Kisha hakikisha jina lako limo kwenye fomu ya mabadiliko ya bidhaa. Kiwanda kikibadilisha kizibo cha plastiki kuwa cha shaba, hatua ya 5 inakuwa ya uongo siku hiyohiyo. Maandishi yakihifadhiwa kama faili za Markdown (maandishi ya kawaida yenye alama chache) ndani ya Git, programu ya kutunza matoleo, utaona nani alibadilisha nini na lini, na utaweza kutoa toleo la modeli ya zamani bila kuligusa jipya. Jaladani ziwepo modeli, namba ya toleo na tarehe.

Ukishafanya haya kurasa zitapungua zenyewe. Hatua za kujaza maji zichapishwe pia peke yake, kwenye karatasi moja ngumu inayofungwa juu ya kizibo, ili mtu asiweze kufunga bomba bila kuiona. Msimbo wa QR uelekeze kwenye toleo jipya, ila usiufanye kuwa njia pekee. Penye pampu si lazima pawe na mtandao, na maonyo ya umeme hayangoji ukurasa ufunguke.

Toleo jipya likitoka, mwombe kila mhudumu wa simu aulize namba ya toleo iliyo jaladani kabla ya kuanza kumsaidia mteja. Halafu hesabu simu kwa kila pampu 100 zilizouzwa, kwa kila toleo, kwa kila tatizo. Jumla ya simu peke yake itakudanganya, kwa kuwa hupanda mauzo yakipanda. Ukiona simu za "maji hayatoki" zimeshuka na za maungio yanayovuja ziko palepale, hapo sasa unajua ni ukurasa gani wa kuwapa watu watatu wafuatao.